Injini Isiyokohoa

Karakanani walimwita Tochi, na jina lenyewe lilijieleza. Hata jua la mchana likiwa linachoma mabati ya banda mpaka yanalia, ungemkuta na tochi mkononi, kichwa amekiingiza kwenye pua ya ndege, anachungulia. Alikuwa mfupi, si mwingi wa maneno, na masikio yake makubwa yalikuwa kichekesho cha dada yake tangu wakiwa wadogo. Kazi yake ilikuwa injini. Magurudumu yalikuwa na mwenyewe, redio ilikuwa na mwenyewe, hata rangi ilikuwa na mwenyewe. Yeye aliulizwa injini tu.

Kampuni ilikuwa ndogo: ndege tatu za mizigo za aina moja, mabawa juu, tumbo pana, injini moja puani. Zilibeba dawa, betri, vipuri vya mashine za kusaga, magazeti, hata vifaranga wa siku moja ndani ya maboksi yenye matundu. Zilitua kwenye viwanja vya udongo ambavyo ndege kubwa hazithubutu kuvisogelea. Ndiyo maana kila mgeni aliyefika pale, akishamaliza kuzunguka na kupapasa papasa, aliuliza swali lile lile: sasa injini ikizima angani?

Tochi hakulichukia swali hilo. Alimshika mgeni mkono, akampeleka puani, akamwashia tochi aone mapanga madogo yaliyopangwa kama magamba ya samaki. Akamweleza kwamba ndani humo hakuna vyuma vinavyopanda na kushuka kama vya gari. Hewa inavutwa, inabanwa, inachomwa pamoja na mafuta yanayofanana na ya taa, na ule moto unaotoka kwa kasi ndio unaozungusha magurudumu ya mapanga, nayo yanazungusha propela. Basi. Kitu kisichozidi pipa kwa ukubwa, na kinavuta kama farasi mia saba. Adui zake ni watatu, alisema: vumbi, joto na uzembe. Vumbi linakula mapanga, kwa hiyo unaiosha kwa maji safi. Joto linaifanya hewa kuwa nyepesi, injini ikakosa cha kutafuna, kwa hiyo mchana wa jua kali, kwenye uwanja wa mlimani, unapunguza mzigo hata kama mwenye mzigo atanuna. Uzembe hauna dawa ila kuufukuza kazi. Hapo wageni walicheka, naye akazima tochi.

Dada yake mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akapendwa na mmoja wa marubani wa kampuni, mtu mrefu, mcheshi, mpenda usingizi, ambaye aliweza kujilaza juu ya magunia na kukoroma huku wapakiaji wanapigiana kelele kichwani pake. Kabla ya kumpa jibu, dada alimfuata kaka yake karakanani, akamsubiri anawe mikono, kisha akamuuliza lile swali la wageni. Ila yeye hakutaka kuonyeshwa mapanga. Alitaka neno.

"Haitazima," Tochi alimwambia. "Mimi nipo."

Wakaoana. Walipanga nyumba ya vyumba viwili upande ambao ndege hupita zikija kutua, na haukupita muda mrefu dada akawa anaitambua sauti ya mumewe kati ya zile tatu. Akiisikia juu ya paa, alibandika birika. Mume akishaegesha, akashusha mizigo na kutembea mpaka nyumbani, chai ilikuwa mezani. Mara nyingi Tochi alikuja naye. Shemeji huyo alipenda kuwaambia watu kwamba yeye alioa fundi, mke alikuja kama nyongeza, na mke alimtupia kijiko kila mara aliposema hivyo. Walikuwa bado hawajajaliwa mtoto. Hawakuwa na haraka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Asubuhi Tochi aliijaza ndege ya shemeji mafuta mpaka juu, matangi yote mawili, kwa sababu mafuta ya kule ilikokuwa inakwenda yalikaa kwenye mapipa tangu zamani na yeye hakuyaamini. Akaiangalia injini, akaisikiliza ikiwaka, akamwinulia shemeji kidole gumba. Ndege ikaondoka na maboksi ya chanjo na vifaranga.

Adhuhuri rubani aliita kwa redio. Alisema ameshusha mzigo, amepakia makreti matupu tu, ameshapanda juu na ameielekeza ndege nyumbani. Aliongeza kwamba shemeji aambiwe injini yake inaimba. Mtu wa redio akacheka, akampelekea Tochi salamu bandani. Ndege zile zina chombo cha kushika usukani: ukishakipa mwelekeo na kimo, kinaishikilia ndege vile vile ulivyokiambia, nawe unapumzisha mikono. Hakuna rubani asiyekitumia kwenye safari ndefu.

Ulipofika wakati wa kuanza kushuka, rubani hakuita. Mtu wa redio alimwita, akamwita tena. Mnara wa kiwanja nao ukamwita. Bosi akatoka ofisini na miwani mkononi. Kulikuwa na ndege ya abiria iliyokuwa inapita njia hiyo hiyo, ikaombwa isogee karibu imtazame. Tochi aliitwa, na chumba cha redio kikajaa watu waliosimama bila kugusana. Rubani wa ndege ya abiria alikuwa mwanamke, sauti yake tulivu kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Namwona. Yuko kitini. Ameegemea dirisha, kofia imemfunika macho."

Mnara ukamuuliza kama anasogea.

"Naona kama amelala."

Alipita kulia, akapita kushoto. Alitikisa mabawa, akawasha taa na kuzima. Akasogea mpaka pale sheria ilipomruhusu, kisha akasogea zaidi. Halafu akasema ana abiria, mafuta yanamtosha kufika tu, na kwamba anaomba radhi. Aliomba radhi mara mbili, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Tochi alitoka nje kwa sababu alishaisikia. Ilikuwa inakuja kutoka kaskazini, juu kabisa, nyeupe, inang'aa. Mahali pale sauti ilipaswa kupungua. Rubani anayekuja kutua hurudisha mkono nyuma, injini ikashusha pumzi. Sauti haikupungua. Ilikuwa nzito, laini, sawasawa, bila mkwaruzo, bila kusitasita, sauti ambayo kila fundi wa injini anaitafuta maisha yake yote. Ikapita juu ya kiwanja. Ikapita juu ya mji. Na Tochi alijikuta anaisikiliza kikazi, na masikio yake yakamwambia kwamba haina kosa lolote.

Dada alikuwa ameshabandika birika. Aliisikia ikipita juu ya paa, akatoa vikombe, kisha akasimama navyo, maana ndege ilikuwa juu mno na haikugeuka. Alifika kiwanjani na kandambili, kitambaa cha vyombo bado kiko begani. Bosi alimweleza kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa nayo mengi. Dada hakulia. Alimgeukia kaka yake.

"Ina mafuta kiasi gani?"

"Mpaka karibu na jioni," Tochi alisema.

Walisimama kando ya njia ya kurukia, wafanyakazi wote nyuma yao. Sauti ilikuwa inaelekea kwenye vilima vya kusini, inakonda, inakuwa uzi. Mtu mmoja akasema imekwenda. Dada aliinua kidole. "Bado," alisema. Walisubiri. Hata Tochi mwenye masikio yake alikuwa haisikii tena, lakini dada alibaki na kidole juu, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia akishushe.

Ilipatikana siku ya pili, ng'ambo ya vilima, kwenye kinamasi cha matete. Shemeji akaletwa, akazikwa. Daktari alisema ni moyo. Alipoulizwa ulisimama lini, alisema ingekuwa bora kama angeweza kujibu. Mtu ameanguka na ndege, amelala majini, na yeye hawezi kuapa juu ya jambo asilolijua. Huenda alikuwa ameshakufa hata kabla ya kuukaribia mji. Huenda alikuwa amezirai tu. Alilisema hili la pili kwa sauti ya chini, lakini lilishasikika.

Baadaye wachunguzi walikuja na injini juu ya lori, wakaifungua pale pale karakanani, Tochi akiwa amesimama pembeni mikono nyuma. Maji na tope viliingia, mapanga ya mbele yalipinda kwa kishindo, lakini ndani waliona walichotaka kuona. Matangi yalikuwa makavu. Hakuna kilichokatika wala kuungua. Injini ilizima kwa sababu moja tu: haikuwa na tone la mafuta. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye mvi aliyekuwa amefungua injini nyingi za watu waliokufa, alivua glavu akampigapiga Tochi begani.

"Umeitunza vizuri," alimwambia.

Alimaanisha wema. Tochi alikwenda nyuma ya banda, akabaki huko mpaka lori likaondoka.

Bosi naye, ambaye hakuwa mtu mbaya ila biashara ilikuwa imemfika shingoni, alibandika ukutani mwa ofisi ile sehemu ya ripoti iliyosema injini haikuwa na kasoro, wateja waisome. Wateja walikuwa wameanza kuogopa. Tochi aliingia akaibandua, akaikunja, akaiweka mezani. Bosi hakuibandika tena.

Matanga yalipokwisha na watu kurudi kwao, Tochi alibaki anapita kwa dada yake kila akitoka kazini. Alimletea mkate, akamtengenezea bomba lililokuwa linavuja, akakaa. Mazungumzo yao yalikuwa ya juu juu: shule, mvua, jirani na mbuzi wake. Alasiri moja joto lilikuwa kali na feni ya darini inazunguka juu ya vichwa vyao. Umeme ukakatika. Feni ikaenda polepole, polepole, ikasimama. Dada alikuwa anasahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini.

"Unajua alikuwa anaamka?" alisema.

Tochi hakuelewa.

"Usingizi wake unaujua. Radi haikumwamsha. Mimi nikimtingisha, anageuka upande wa pili. Lakini feni ikisimama tu, macho. Hata iwe usiku wa manane, anakaa kitandani, ananiuliza nini kimezima. Kelele zilikuwa zinamlaza, kaka. Kimya ndicho kilikuwa kinamwamsha."

Tochi aliona dada anakotaka kwenda, akatamani amtangulie amzuie.

"Ingekohoa mara moja tu," dada alisema. "Pale juu ya mji. Mara moja. Angeamka."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Tochi angejitetea. Angemwambia habari za moyo, angemkumbusha daktari. Alilisema kama mtu anayetaja kitu kilichosahaulika sokoni. Kisha akachukua kalamu akaendelea na madaftari, na Tochi akaaga, akatembea kwake akiwa hajui anapita njia gani.

Tangu hapo alasiri zilimharibikia. Saa ile ile ambayo ndege ilipita, popote alipokuwa, aliisikia inakuja kutoka kaskazini. Aliisikia akiwa chini ya ndege nyingine, akiwa kwa kinyozi, akiwa anakula. Mwanzoni alitoka nje kutazama. Mbingu tupu. Akaacha kutoka, lakini shingo yake iliendelea kugeuka yenyewe, na wenzake walipoona shingo inageuka walijifanya wanatafuta spana.

Kazini alibadilika. Zamani aliiwasha injini, akaisikiliza, akaridhika. Sasa aliwaomba marubani waiache iwake na iendelee kuwaka, huku kiganja chake kiko kwenye bati lake, amefumba macho, mafuta yanaungua bure na wapakiaji wanatazamana. Rubani mmoja alimuuliza anatafuta nini. Tochi alisema anataka kuwa na hakika. Ukweli ni kwamba alikuwa anasikiliza kama itakohoa, na kila iliposhindwa kukohoa, aliomba iachwe iwake zaidi. Aliziona zile injini kama watu wasio na huruma. Unazipa mafuta, zinakwenda. Aliyekaa nyuma yake awe mzima au maiti, kwao ni mamoja.

Halafu likaja lile lililomtisha kuliko yote. Alikuwa amemaliza kurudisha bomba la mafuta kwenye injini ya ndege ya pili. Amefunga kifuniko, amefuta mikono, spana iko sandukuni, rubani anakuja na begi lake. Tochi alipiga hatua chache, akasimama. Mkono wake ulikuwa hauna ile kumbukumbu ya kukaza. Alirudi, akafungua kifuniko, akagusa nati kwa vidole. Ikazunguka. Aliikaza mpaka mshipa ukamtoka shingoni, akaangalia kila kiungo tangu mwanzo, akamwacha rubani aende zake kwa amani bila kujua lolote. Kisha aliketi juu ya kreti. Alijiuliza kama mkono ulisahau, au kama ulitaka kuona ndege ikikohoa.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa bosi akamweleza kila kitu. Alimwomba amtoe kwenye injini, ampe magurudumu, ampe breki, ampe hata ufagio. Bosi alisema angekuwa fundi mwingine angemfukuza, ila fundi mwingine asingerudi kufungua kifuniko. Akampa magurudumu, na wiki nzima ya kupumzika kwanza.

Tochi alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimkuta amekaa uani, hafanyi kitu. Alimweleza habari ya nati. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemsawijika, akasema yeye ndiye aliyemtia maneno yale kichwani na hakuwa na haki. Tochi alisema hapana. Kisha dada akasema kuna jambo moja analotaka: kuona mahali pale. Tangu msiba hakuna aliyempeleka, na yeye hakuwa ameomba.

Waliazima pikapu ya kampuni. Barabara ilikuwa mbovu, ya mchanga mwekundu na mawe, na walipovuka vilima kinamasi kilijitandaza mbele yao, kijani kibichi mpaka macho yanachoka. Mabaki ya ndege yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Kilichobaki ni uwazi katikati ya matete, maji meusi, na matete machanga yaliyoanza kuota upya. Wangepita bila kupajua kama si mwanamke mmoja aliyekuwa anakata matete kando, magoti ndani ya maji, sketi ameipandisha na kuifunga kiunoni. Alinyoosha mgongo, akawauliza kama ni wenyewe. Tochi alisema huyu ni mkewe. Yule mwanamke alitoka majini, akaweka mundu chini, akampa dada pole kwa mikono miwili.

Alisema siku ile alikuwepo, mahali hapa hapa. Wachunguzi walimuuliza imeangukia wapi, akawaonyesha kwa kidole, wakaandika, wakaondoka. Hawakumuuliza imekujaje.

"Ilikujaje?" dada aliuliza.

"Kwanza tuliisikia inalia, mbali, juu ya vilima vile. Halafu ikanyamaza. Nikajua imeenda zake, nikaendelea na kazi. Nimekata mzigo mzima, nimeufunga, nimeinua kichwa nijitwishe, ndipo naiona iko juu, na haina sauti hata kidogo. Inainua pua, inashusha pua. Kama mtu anayesinzia kitini. Nikakaa nikaitazama, inakuja tu, inakuja tu, mpaka pua ikazama moja kwa moja."

Tochi siku zote aliamini kwamba, bila mkono wa rubani, mafuta yalipokwisha ndege ilianguka papo hapo kama jiwe. Ripoti ilisema tu kwamba injini ilizima na ndege ikapoteza kimo. Dada alikuwa ametulia, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika mkono wa yule mwanamke.

"Ulimwona?"

"Sikumwona, mwenzangu. Nisikudanganye. Dirisha la upande wake lilikuwa ng'ambo."

"Mzigo mmoja unakuchukua muda gani kukata?"

Yule mwanamke alifikiri. Akasema hajawahi kupima. Alimtazama dada usoni, na bila shaka aliona kwamba jibu la mdomo halitatosha. Aliokota mundu wake, akarudi majini, akainama, akaanza kukata.

Mundu ulikuwa unasema *shwa, shwa*, na matete yanalala juu ya mkono wake wa kushoto, konzi baada ya konzi. Hakuharakisha wala hakujichelewesha. Alikata kama anavyokata siku zote. Upepo ulikuwa hakuna. Dada alisimama ukingoni, amefumba macho, na Tochi akajua anafanya nini, kwa sababu naye alikuwa anafanya hilo hilo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha ndege ambayo imezima. Propela inazunguka bure mbele ya kioo. Hakuna ngurumo, hakuna mtetemo miguuni, ni hewa tu inayopita kwenye mabawa. Kimya kile kile cha feni iliyosimama, ila hiki hakiishi. Konzi moja. Konzi nyingine. Tochi alikuwa anamwita shemeji yake moyoni, aamke, aulize nini kimezima. Mwanamke alisogea hatua moja, akakata tena. Kilikuwa kimya kirefu mno. Mtoto mchanga angeamka. Mlevi angeamka. Mwanamke alilaza matete ukingoni, akayapanga, akachomoa ukindu kiunoni, akaufunga mzigo mara mbili, akaukaza kwa goti.

"Hapo ndipo nilipoinua kichwa," alisema.

Dada alikaa chini, pale pale kwenye tope, na gauni lake zuri.

"Basi hakuwepo," alisema.

"Hakuwepo," Tochi alisema.

Ndipo dada alipolia. Alikuwa amelia msibani kama watu wanavyolia, lakini hiki kilikuwa kilio kingine, cha chini, cha mtu aliyetua kitu kizito na kugundua kwamba mikono imekufa ganzi. Yule mwanamke aliketi kando yake, akamwekea kiganja mgongoni. Tochi alibaki amesimama. Alikuwa anatazama ule mzigo wa matete, mbichi, unachuruzika maji, na alijua kwamba atauona maisha yake yote.

Wakati wa kurudi dada alisinzia kabla hawajamaliza kuvuka vilima. Alikuwa hajalala vizuri kwa miezi. Kichwa chake kiliegemea kioo cha mlango, mdomo wazi kidogo, na gari lilipomrusha kwenye mashimo hakuamka. Tochi alivumilia kwa muda. Kisha alishindwa, akasimamisha pikapu kando ya barabara, akamgusa bega. Dada akashtuka, akauliza wamefika. Alimwambia hapana, lala. Dada alimwangalia, akaelewa, akakaa wima, na wakaongea habari za shule mpaka mjini.

Mtu angependa kusema kwamba baada ya hapo sauti iliondoka. Haikuondoka. Tochi alifanya kazi ya magurudumu mpaka mvua zikaisha, kisha siku moja bosi alimkuta ameingiza kichwa kwenye pua ya ndege, akapita kimya kimya kama hajaona, na kesho yake akarudishwa kwenye injini bila maneno mengi. Anakaza nati sasa, kisha anamwita mtu mwingine azishike kwa vidole vyake. Hata rubani akiwa na haraka namna gani, hilo halirukwi. Alasiri bado shingo inageuka. Tofauti ni kwamba zamani alikuwa anasikia injini inakuja, na siku hizi baadhi ya alasiri, karakana nzima ikiwa inanguruma, nyundo zinagonga, watu wanapiga kelele, yeye anasikia kimya. Kinakaa kiasi chake, kisha kinapita. Ameshajifunza kukisubiri huku kazi inaendelea.

Dada aliomba uhamisho, akapata shule kwenye mji mwingine, mbali na kiwanja chochote cha ndege. Tochi alimsaidia kufungasha. Birika aliliacha kwa jirani, akasema atanunua jingine huko huko. Nyumba mpya ilikuwa nzuri, ina baraza na mti wa kivuli, na umeme ulikuwa bado haujafika mtaa ule. Tochi alikwenda kumtembelea baada ya mwezi, akaona amenenepa kidogo, uso umerudi, anacheka tena masikio ya kaka yake. Alipomuuliza analalaje, dada alisema usingizi unakuja vizuri, ila mtaa umenyamaza kupita kiasi. Alikuwa amenunua redio ndogo, akaiweka karibu na mto, anaiacha iongee mpaka asubuhi. Shida ni betri. Za dukani pale zilikuwa zinakwisha haraka. Akamwomba kaka yake, akipata nafasi, amletee zile zinazodumu.